Nimehamia Linux, mbona Gmail ya duka bado inaingiliwa?

Mafundi wetu, habari za kazi. Nina steshenari jirani na Chuo cha Ushirika hapa Moshi: fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, na kuwasaidia wanafunzi kujaza fomu za mikopo na maombi ya ajira mtandaoni. Kompyuta yangu ya mezani ni Dell ya zamani, Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 8. Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa niliambiwa mashine hii haiwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo kijana mmoja fundi akaniwekea Linux Mint 22. Windows kaiacha upande mmoja kwa sababu ya programu yangu ya picha. Akaniambia, "Dada, Linux haishiki virusi, kaa kwa amani." Hata antivairasi hakuweka.

Nikakaa kwa amani wiki tatu. Wiki iliyopita wateja wakaanza kunipigia: wanapokea barua pepe kutoka Gmail ya duka, zinawataka walipie kazi zao kwenye namba ya simu nisiyoijua. Nikabadili pasiwedi siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili zikaanza tena. Na juzi mwanafunzi kaleta flashi, folda zake zote zimegeuka shotikati. Kwangu hazikufanya kitu. Akaenda nayo duka la pili, mashine yao ikaugua, na lawama zimerudi kwangu.

Naomba kujua: nimehama mfumo, huyu mwizi kabaki vipi? Niweke antivairasi gani? Pasiwedi ya kompyuta ni 1234, aliiweka fundi, na tunaitumia mimi na msaidizi wangu, ina ubaya? Mwisho, laptopu yangu ninayorudi nayo nyumbani Kiborloni kila jioni, fundi anataka aje na flashi yake aiwekee Mint vilevile. Nimruhusu?

Mwenye steshenari, Moshi

JIBU

Dada, pole. Tunaanza na Gmail kwa sababu ndiyo inayovuja sasa hivi. Mengine yanaweza kusubiri nusu saa.

Fundi wako hakukudanganya moja kwa moja. Virusi wengi wanaozunguka kwenye madawati ya steshenari ni mafaili ya .exe na hati za amri (scripts) za Windows, na Mint haiyaendeshi. Ila aliyeingia kwenye Gmail yako haihitaji tena kompyuta yako. Zipo programu chafu zinazoiba taarifa, RedLine na Lumma zikiwa zimevuma zaidi miaka ya karibuni. Zikiingia Windows mara moja tu, huzoa nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na vidakuzi (cookies) vya kuingilia. Kidakuzi ni kama tiketi ya basi: anayeishika anapanda, haulizwi nywila wala namba ya uthibitisho. Mlango wao mkubwa ni programu zilizokrakiwa na vile viamshi (activators) vya bure vya Windows na Office. Kama hiyo programu yako ya picha ililetwa na mtu kwenye flashi bila kulipiwa, ndiye mshukiwa wetu wa kwanza. Yaelekea wizi ulifanyika ukiwa bado Windows. Kuhamia Mint kumekuja baadaye.

Kwa nini kubadili nywila hakukutosha? Mwizi mzoefu akishaingia hujitengenezea milango mingine ya kurudia, na nywila mpya haiigusi yote. Kaa kwenye Mint, fungua Firefox, ingia Gmail, kisha fuata mpangilio huu bila kuuruka.

Badili nywila tena, iwe ambayo hujawahi kuitumia popote. Ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama, fungua orodha ya vifaa, toa kila kimoja usichokitambua pamoja na ile Windows yako ya zamani. Hapohapo angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Ukikuta hata moja si yako, ifute, maana kwa hiyo ataomba nywila mpya wakati wowote. Angalia pia programu za nje zilizopewa ruhusa ya kuingia kwenye akaunti. Hizi zinaweza kubaki ndani hata baada ya nywila kubadilika.

Halafu rudi kwenye Gmail yenyewe, fungua mipangilio yote, na utazame kurasa mbili ambazo karibu kila mtu huzisahau: ile ya vichujio na ile ya kusambaza barua kwenda anwani nyingine. Kichujio cha kawaida cha matapeli hupeleka majibu ya wateja moja kwa moja kwenye takataka au kumbukumbu (Archive), ndiyo maana wewe huoni kitu mpaka upigiwe simu. Futa vyote usivyoviweka mwenyewe.

Sasa washa uthibitisho wa hatua mbili, lakini utumie programu ya simu inayotoa namba za tarakimu sita, si SMS. SMS ni bora kuliko kutokuwa na kitu, ila laini ikihamishwa na tapeli, namba zinamfuata yeye. Google itakupa pia misimbo 10 ya akiba. Iprinti (mashine unayo), ikunje, iweke nyumbani. Si kwenye droo ya dukani.

Jambo moja zaidi kabla hatujaiacha Gmail. Kama uliingia kwenye Chrome ya Mint kwa akaunti ileile, huenda Chrome imevuta kila kitu kutoka ile ya zamani, na nyongeza zake (extensions) zikiwemo. Nyongeza mbovu ya kivinjari haijali kama chini yake kuna Windows au Linux. Inasoma kurasa unazofungua popote ulipo. Andika chrome://extensions kwenye upau wa anwani, na kwenye Firefox about:addons. Ondoa chochote ambacho huwezi kusema kwa sentensi moja kinafanya nini. Kisha nenda kwenye simu, WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, uondoe vyote. Utaiunganisha upya kompyuta ya duka kwa sekunde chache. Wateja waliopata ujumbe wa kulipia waambie kwa simu, na walioombwa hela kwa SMS waripoti namba hiyo TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kupitia 15040.

Tuje kwenye 1234. Ndiyo, ina ubaya, tena mkubwa. Kwenye Mint, nywila ya mtumiaji mkuu ndiyo hiyohiyo inayofungua sudo, yaani mamlaka yote ya mashine. Mtu mwenye dakika mbili na kibodi yako anaweza kuweka programu, kusoma mafaili yote na kujiachia njia ya kurudi. Fungua Terminal (dirisha la kuandikia amri) uandike:

passwd

Itauliza ya zamani, kisha mpya mara mbili. Herufi hazionekani unapoandika, hata nyota hazitokei. Si kwamba kibodi imekufa. Tumia maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana kabisa, yaliyoungwa kwa vistari. Usitumie sudo passwd ikifuatiwa na jina lako kubadili ya kwako mwenyewe: ukifanya hivyo, kile kikasha cha funguo ambamo Chrome hutunza siri zake kinabaki na nywila ya zamani, nawe kila ukiwasha mashine utaulizwa nywila ya "keyring", yaani ya kikasha hicho. Watu wakichoshwa na swali hilo huweka nywila tupu, na hapo siri zote zinahifadhiwa bila kufungwa. Ikishakutokea, fungua programu ya Passwords and Keys, bofya kulia kikasha cha Login, ubadili nywila yake ifanane na ya kuingilia.

Kisha tazama nani mwingine ana mamlaka:

getent group sudo

Jibu litakuwa kama sudo:x:27:duka. Majina baada ya nukta mbili ya mwisho ndiyo wenye sudo. Ukikuta jina la fundi, hakikisha kwanza la kwako limo (ukimtoa pekee aliyemo umejifungia nje), kisha andika sudo deluser likifuatiwa na jina lake, na neno sudo mwishoni. Hatusemi fundi ni mwizi. Funguo za duka tu hazikai kwa mtu ambaye kazi yake imekwisha.

Amri nyingine ya kukupa picha:

sudo ss -tulpn

Hii inaorodhesha programu zinazosikiliza mtandao. Mistari yenye 127.0.0.1:631 ni huduma ya printa, yenye 127.0.0.53:53 ni ya kutafuta anwani, na 5353 ni ya kutambua vifaa vya jirani kama printa ya Wi-Fi. Hizo ni za kawaida. Ukiona 0.0.0.0 ikifuatiwa na 22, 5900 au 7070, kuna programu ya kuingilia mashine kwa mbali. Mafundi wengi huiacha ili wakusaidie bila kupanda daladala. Muulize. Kama huitaki, aiondoe mbele yako. Faiawoli (ukuta unaozuia wanaojaribu kuingia kupitia mtandao) nayo ipo ndani ya Mint ila kwa kawaida imezimwa. Amri ya sudo ufw enable inaiwasha, na kuprinti hakutasumbuka. Kinachoweza kukatika ni folda unayoshiriki na kompyuta nyingine dukani, maana yenyewe inahitaji kuruhusiwa.

Msaidizi wako mfungulie akaunti yake, aina ya kawaida, si msimamizi. Ataprinti, ataskani, atafungua LibreOffice. Hataweza kuweka programu. Nawe fungia folda yako kwa chmod 700 ikifuatiwa na njia yake, mfano /home/duka.

Wateja ni habari nyingine, na hapa ndipo steshenari nyingi zinapokosea zaidi kuliko kwenye virusi. Mwanafunzi anaingia akaunti yake ya mkopo kwenye kivinjari chako, kivinjari kinauliza "nihifadhi nywila?", anabofya ndiyo, anaondoka. Wa kumi na moja anayekaa kwenye kiti hicho anaona orodha ya waliomtangulia. Mint ina dawa yake: fungua Login Window kwenye mipangilio ya mfumo, ukurasa wa Users, washa "Allow guest sessions", na palepale uzime kuingia bila nywila kama fundi aliwasha. Kuanzia hapo mteja anaingia kama mgeni, na akitoka kila alichofanya kinafutika: nywila, historia, mafaili. Mwambie mapema ahifadhi kazi kwenye flashi yake, kwa sababu umeme ukikatika na huna UPS, kazi ya mgeni imekwenda nayo.

Lile daftari lenye nywila za wateja, kama unalo (steshenari chache hazina), lichanwe. Mteja aandikiwe nywila yake kwenye karatasi aondoke nayo, na akaunti yake isajiliwe kwa namba yake ya simu, kamwe si ya duka. Skani za vitambulisho vya NIDA na vyeti zifutwe jioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakugusa hata wewe mwenye kompyuta moja, maana taarifa hizo unazikusanya na kuzitunza.

Sasa flashi. Wanaokulaumu wamekosea kiasi: Mint haikuongeza mdudu kwenye flashi ile, alikuja naye na akaondoka naye. Lakini wewe ndiye uliyekuwa na nafasi nzuri kuliko wote ya kumwona, kwa sababu mdudu wa shotikati huzificha folda halisi kwa alama ambayo Mint kwa kawaida haiijali. Ukichomeka flashi ya namna hiyo utaona vyote kwa pamoja: shotikati zenye mkia wa .lnk, faili la .vbs, .js au .exe lenye jina la ajabu, na folda halisi za mteja, mara nyingine zikiwa zimerundikwa ndani ya folda moja inayoonekana haina jina. Hazijapotea. Nakili nyaraka tu, yaani docx, pdf, jpg na jamaa zao, ziweke kwenye folda ya muda. Bofya kulia flashi, chagua kuiformati, FAT32 inatosha isipokuwa ana faili moja linalozidi GB 4, ndipo utumie exFAT. Rudisha nyaraka. Kwa dakika tano hizo unaweza hata kumtoza.

Kuna mitego miwili ya Linux ambayo mtu aliyetoka Windows haijui. Kwanza, ukifuta faili kwenye flashi kwa Delete ya kawaida halifutiki: linahamia folda iliyofichwa ndani ya flashi hiyohiyo, jina lake .Trash-1000. Kwa hiyo ukikosea ukaweka cheti cha mteja mmoja kwenye flashi ya mwingine, kisha "ukakifuta", kimeondoka nacho. Tumia Shift+Delete. Kutazama vilivyojificha bonyeza Ctrl+H. Pili, Mint huandika kwenye flashi kwa kuchelewa: upau wa kunakili umeisha ila data bado inamiminika. Bofya alama ya kutoa na usubiri ujumbe, la sivyo mteja atafika nyumbani na pdf isiyofunguka.

Antivairasi? Kwa mashine yako mwenyewe, si jambo la kwanza. Kwa kukagua flashi za watu, ClamAV inafaa, ni ya bure na ipo kwenye hifadhi ya Mint:

sudo apt install clamav

Orodha ya virusi itajishusha yenyewe nyuma ya pazia, na mara ya kwanza ni kubwa, kwa hiyo usiifanye kwa bando la siku. Ukiandika sudo freshclam na kuambiwa imeshindwa kufunga faili la kumbukumbu, hakuna kilichoharibika. Huduma yake tayari inafanya kazi hiyo. Kukagua:

clamscan -r -i /media/$USER

Inachukua RAM nyingi na kabla ya kuanza hutulia kidogo ikipakia orodha. Haikamati kila kitu. Kwa mdudu wa shotikati, macho yako yatamwona kabla yake.

Masasisho ndiyo kinga yako halisi. Alama ya ngao pembeni mwa saa ni ya Update Manager. Ikitokea, usiipuuze zaidi ya siku mbili. Bando likiwa dogo, tanguliza yenye alama ya usalama na kivinjari, mengine yasubiri. Kerneli (kiini cha mfumo) ikisasishwa ni lazima kuwasha upya mashine, vinginevyo unaendelea na ya zamani. Ukiambiwa kuna "lock" (kufuli) kwenye dpkg, chombo cha kuweka programu, maana yake sasisho jingine linaendelea kimyakimya: subiri dakika kumi, usifute faili la lock kama watu wanavyoelekezana. Umeme ukikatika katikati ya sasisho, mashine ikiwaka andika sudo dpkg --configure -a na itamalizia ilipoishia. Timeshift, programu ya kuhifadhi nakala za kurudia, nayo iwashe, ila ujue kwa kawaida inahifadhi mfumo tu, si nyaraka zako. Nyaraka zinahitaji diski ya nje inayochomekwa, kunakiliwa na kuchomolewa.

Programu mpya zichukue kwenye Software Manager. Mint 22 huficha Flatpak (programu zinazotoka nje ya hifadhi ya Mint) ambazo hazijathibitishwa, pawe hivyohivyo. Dereva ya Epson nyingi za tangi la wino iko humohumo kwa jina printer-driver-escpr, hakuna haja ya kuisaka mtandaoni. Ukurasa wowote unaokuambia "nakili amri hii ubandike kwenye Terminal" ili kuthibitisha wewe si roboti, ufunge. Ujanja huo ulianzia Windows na sasa umeandikiwa Linux pia. Na usiweke Wine, inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, kwa ajili ya ile programu ya picha: Wine inaona folda zako zote, kwa hiyo .exe chafu ya kufunga mafaili kwa kufuli ili udaiwe hela inaweza kuyafunga hata ukiwa Mint.

Basi Windows iliyobaki. Huduma yake ya kawaida ilikoma 14 Oktoba 2025; Microsoft waliweka nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026, ila ni kwa aliyejiandikisha. Kama kweli unaihitaji, iwashe kwa picha tu, waya wa intaneti ukiwa umechomolewa na Wi-Fi imezimwa, na usiingie akaunti yoyote ukiwa humo. Picha za pasipoti GIMP, programu ya picha ya bure ya Linux, inaziweza. Wiki moja ya kuizoea ni nafuu kuliko uliyopitia. Ukishaizoea, futa sehemu ya Windows.

Laptopu: mruhusu fundi aje, lakini flashi aiandae upya mbele yako. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, na kwa muda wa siku hiyo waliopakua Mint 17.3 Cinnamon kupitia kiungo kilichochezewa walipata nakala yenye mlango wa nyuma. Tangu siku zile kukagua nakala si ubishoo. Apakue kutoka linuxmint.com, aandike sha256sum ikifuatiwa na jina la faili la ISO (nakala ya Mint aliyopakua), na alinganishe tarakimu zinazotoka na zile zilizo kwenye sha256sum.txt ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, faili litupwe.

Wakati wa kuweka, kwenye hatua ya kuchagua diski, afungue "Advanced features" na achague LVM pamoja na usimbaji, yaani kuifunga diski nzima kwa nywila. Hii ifanyike siku hiyohiyo. Kuiongeza baadaye ni kuanza upya. Laptopu ikiporwa kwenye bodaboda, bila usimbaji mtu yeyote mwenye flashi ya Linux anaifungua na kusoma kila kitu bila kuijua nywila yako. Nywila ya diski iandike wewe mwenyewe, fundi akiwa ameangalia pembeni. Ukiisahau hakuna wa kukufungulia, hata yeye, kwa hiyo nakala yake ikae pamoja na ile misimbo 10 ya Gmail, nyumbani Kiborloni.